Kamba na kreifishi wanakufa, hawakui au wanatoweka: tatizo liko wapi?

Kabla hujakimbilia dawa, jibu swali moja kwanza: umeona saa ngapi? Sitanii, kwa hawa viumbe saa peke yake inakupa nusu ya jibu. Wakizidiwa alfajiri, shuku oksijeni. Wakilegea mchana wa jua kali, angalia joto na amonia (sumu inayotoka kwenye kinyesi na chakula kilichooza). Ukikuta mmoja mmoja kila asubuhi kaliwa kabaki gando na kichwa, huyo alivua gamba la zamani usiku ili akue na wenzake wakamfanya kitoweo. Na wakienda wote kwa mpigo ndani ya masaa machache, hapo ni sumu, usihangaike kutafuta ugonjwa, manake ugonjwa una mwendo wake, hauuwi bwawa zima kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Hapa naongelea wawili wanaofugwa sana kwenye joto: kamba mkubwa wa maji baridi (Macrobrachium rosenbergii), na kreifishi wa gando jekundu (Cherax quadricarinatus), yule anayefanana na kamba ila ana gamba gumu na magando manene, asili yake kaskazini mwa Australia na Papua New Guinea. Na ukisikia "maji baridi" usielewe vibaya, ni maji yasiyo na chumvi tu, wao wenyewe wanataka maji ya joto, nyuzi 26 hadi 31 hivi. Yakishuka chini ya 20 wanazubaa hawali, yakipanda kukaribia 35 wanaanza kufa.

ALFAJIRI WAMEJAZANA PEMBENI, AU KREIFISHI WAMETOKA NJE YA MAJI

Hii ndio inayoua wengi kuliko zote. Unafika bwawani saa kumi na moja unamulika tochi, unaona macho yanang'aa ukingoni mstari mzima, kamba wamekaa kwenye maji ya kina cha vidole viwili, ukisogea hawakimbii. Kreifishi wao wanapanda juu ya matete, kwenye bomba, kwenye chochote kilichochomoza, wanalala ubavu mmoja nje. Mtu mgeni anafurahi, "leo wamekuja juu wote wazima", kumbe wanaomba hewa.

Sababu ni hesabu rahisi. Maji ya nyuzi 20 yanabeba oksijeni kama miligramu 9 kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki hata 8, na hapo ndio yamejaa kabisa. Kwa hiyo sisi wa nchi za joto tunaanza na akiba ndogo, halafu kwenye joto viumbe vinapumua haraka zaidi. Mchana mwani wa kijani unatengeneza oksijeni, usiku huohuo mwani unageuka kuwa mlaji, unapumua pamoja na kamba pamoja na uozo wa chini, mpaka alfajiri akiba imekwisha. Unataka isishuke chini ya 5, ikifika 3 wanateseka, ikienda 1 unaokota maiti.

Sasa angalia jana kulikuwaje. Kulikuwa na mawingu siku mbili tatu mfululizo? Mwani haukutengeneza kitu. Mvua kubwa ya baridi na upepo? Maji ya chini yasiyo na hewa yamepinduka yakaja juu. Maji yalikuwa kijani jana leo yamekuwa ya kahawia au yameng'aa ghafla? Mwani umekufa wote kwa pamoja na sasa unaoza, na hilo ni baya kuliko mengine yote kwa sababu litaendelea hata mchana. Au umemwaga chakula kingi na kimebaki?

Cha kufanya saa hiyohiyo: rusha maji hewani kwa pampu, ingiza maji mapya ukiwa nayo, na usilishe siku hiyo, hata kama roho inakuuma. Usiingie bwawani kukoroga tope, utaongeza shida. Ukiwa huna mashine, pampu ndogo ya kumwagilia inayochukua maji juu na kuyarudisha yakiwa yamepasuliwa na kipande cha bati chenye matundu inafanya kazi nzuri tu.

Kinga yake ni kuangalia rangi kila siku. Chukua sahani nyeupe, ifunge kwenye kijiti chenye alama, izamishe taratibu. Ikipotea machoni kwenye sentimita 25 mpaka 40 uko sawa. Ikipotea kwenye 15, mwani umezidi, punguza chakula na mbolea ubadilishe maji kidogokidogo. Ukiiona mpaka chini, maji ni maangavu mno, wataota mwani mgongoni na magugu yatajaa.

WAMEKUFA WOTE KWA MPIGO

Hili nalijua vizuri kwa sababu nililifanya mwenyewe. Nilikuwa na matenki ndani, pampu ya hewa iko sakafuni kwenye kona. Jioni moja mbu wamezidi, mtu mmoja hapo nyumbani akapuliza dawa ya mbu akafunga mlango, tukaenda kula. Kurudi, kreifishi wamelala chali wanatetemeka miguu, wengine wanarusha mkia bila mwelekeo wanagonga kioo, na samaki waliokuwa tenki la pembeni wanaogelea kama hakuna kilichotokea. Pampu ilivuta ile hewa ya chumbani ikaisukuma ndani ya maji muda wote huo. Kamba na kreifishi ni ndugu wa mbali wa wadudu, dawa inayoua mbu inawaua na wao, tena kwa kiasi kidogo sana ambacho samaki hashtuki.

Kwa hiyo ukikuta samaki wazima na kamba wamekufa, fikiria dawa za wadudu kwanza: shamba la jirani limepigwa dawa juzi na mvua ikaleta maji kwako? Mbwa aliyepakwa dawa ya viroboto kaingia kuoga? Bomba la kunyunyizia shambani ndio hilohilo unachotea maji ya bwawa? Mikono yako je, umetoka kupaka dawa ya kufukuza mbu ukaitumbukiza? Ya pili ni shaba. Dawa nyingi za samaki za kuua vimelea na mwani zina shaba ndani, soma kibandiko, na koki au viungio vya shaba kwenye mfumo wa maji yanayozunguka navyo vinaachia kidogokidogo hasa maji yakiwa na asidi. Ya tatu ni klorini ya maji ya bomba. Ukiyaacha wazi na hewa inachemka siku nzima klorini ya kawaida inaondoka, ila mamlaka zingine zinatumia kloramini ambayo haiondoki hivyo, hapo unahitaji thayosalfeti (dawa ya kuondoa klorini kwenye maji).

Huduma ya kwanza ni moja tu, hamisha walio hai kwenye maji mengine masafi yenye joto lilelile. Hakuna kingine.

HUYU AMEKUFA AU AMEVUA GAMBA?

Watu wanatupa kreifishi hai kwa kutojua hili, au wanalia msiba ambao haupo. Mchukue unayemwona kalala. Akiwa mwepesi kama ganda la karanga, uwazi unaona upande wa pili, na amepasuka pale gamba la mgongo linapokutana na mkia, hilo ni koti kuukuu tu, mwenyewe yuko kajificha mahali laini kama ngozi ya sikio. Usilitoe, atarudi kulila apate kalsiamu yake. Aliyekufa ni mzito, rangi inageuka ya pinki au chungwa kama aliyepikwa, na harufu haikawii.

Shida halisi ni wale wanaofia katikati, gamba limetoka nusu wakakwama, au wametoka lakini siku tatu baadaye bado wako laini. Sababu ya kwanza ni maji yasiyo na chokaa. Kreifishi anajiwekea akiba, kabla hajavua ana vijiwe viwili vyeupe tumboni kama vifungo vya shati (ukimpasua aliyekufa wakati huo utavikuta), anavitumia kuanzia kukaza gamba jipya. Akiba hiyo haitoshi mwili mzima, nyingine lazima itoke kwenye maji na chakula. Kamba ndio kabisa, anategemea zaidi maji. Pima ugumu wa maji: kwa kamba miligramu 50 hadi 150 kwa lita ni pazuri, kreifishi anapenda 100 kwenda juu. Maji ya mvua uliyokinga kwenye paa hayana kitu, ukijaza tenki kwa hayo peke yake unatafuta matatizo. Ongeza chokaa ya kilimo, maganda ya konokono au ya mayai yaliyosagwa. Ila angalia, CHOKAA YA KILIMO, sio ile chokaa kali ya kupaka kuta, hiyo inarusha juu pH (kipimo cha asidi ya maji, 7 ni katikati) na inachoma, ya namna hiyo ni ya bwawa tupu lililokauka tu. Na usizidishe eti ukiongeza sana watakaza zaidi, ugumu ukivuka 300 kamba wanadumaa na gamba linashika ukoko.

Sababu ya pili ni kuvua kwa lazima. Ukibadilisha nusu ya maji kwa mara moja, au joto likibadilika ghafla, wengi wanavua usiku huohuo, tayari au sio tayari. Badilisha robo au chini ya hapo.

Sababu ya tatu sio ugonjwa kabisa, ni majirani. Aliyevua hana ulinzi kwa masaa mengi, wakubwa hata siku kadhaa. Bila maficho analiwa tu hata uwalishe vipi. Vipande vya bomba, matofali ya tundu, vifungu vya wavu wa zamani, matawi makavu, kila mmoja apate pa kuingia na mengine yabaki. Mimi naona afadhali kupunguza pesa ya chakula kuliko kupunguza maficho. Miguu na magando yaliyokatika yasikutie presha, yanaota tena, kila akivua linakuwa kubwa zaidi.

MKIA MWEUPE, MADOA, MANYOYA

Kamba mzima ana nyama inayopitisha mwanga. Ikigeuka nyeupe kama maziwa mkiani, uliza kwanza: umewavua kwa wavu muda mrefu, umewasafirisha, hewa iliisha, joto liliruka? Kama ndio, ni misuli imekufa kwa msongo, wengine wanarudi sawa ukiwaacha watulie. Lakini ikiwa ni vifaranga wachanga, weupe umeanzia mkiani unapanda, na kila siku wanaongezeka, huo ni ugonjwa wa mkia mweupe, ni wa virusi, ndani ya siku chache unaweza kupoteza karibu wote. Wazazi wanaubeba bila kuumwa, ndio maana inabidi ujue vifaranga wametoka kwa nani. Hakuna dawa, mtu akikuuzia antibiotiki kwa hilo kakuibia.

Madoa ya kahawia au meusi yaliyoliwa-liwa kwenye gamba ni bakteria waliopata mchubuko. Maji machafu na ugomvi ndio chanzo. Safisha, punguza idadi, akivua anaacha doa kwenye koti la zamani.

Madoa meupe ndani ya gamba, hayafutiki kwa kidole, kreifishi wameacha kula wanatangatanga mchana na wanakufa kila siku, hapo tahadhari kubwa, inaweza kuwa virusi vya madoa meupe. Kamba wa maji baridi wanavivumilia na kuvibeba, kreifishi hawana ubavu huo. Funga maji yasitoke, usihamishe nyavu wala ndoo, ita watu wa uvuvi au mifugo wachukue sampuli. Njia kubwa ya kuvileta mwenyewe ni kulisha kamba wa baharini wabichi au waliogandishwa kwenye friza, virusi havifi kwa baridi. Ukitaka kuwapa, chemsha.

Manyoya kama pamba au ukungu wa kijivu mwilini, mara nyingi ni vijidudu vinavyojishikiza tu, havili nyama, vinafuata uozo kwenye maji. Ukivikuta kwenye matamvua ndio vinaziba pumzi. Punguza chakula, fyonza uchafu wa chini. Na wale minyoo midogo myeupe wanaocheza kama vidole kichwani kwa kreifishi wa gando jekundu, na vijiyai vyao vimeganda kwenye gamba, hao ni wapanda daladala, ila mnunuzi akiwaona anakimbia. Muogeshe kwenye maji ya chumvi gramu 5 hadi 10 kwa lita, dakika chache huku unamtazama, akilegea toa.

Matamvua meusi ni kesi tofauti kidogo. Fungua pembeni ya gamba la aliyekufa uangalie. Amonia, nitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia), tope, madini ya chuma ya kisima, vyote vinaweza kuyafanya meusi. Kwenye amonia pima pamoja na pH, usiangalie namba moja. Kwenye nyuzi 30, pH ikiwa 7 sehemu yenye sumu haifiki hata asilimia 1 ya amonia yote, pH ikiwa 9 inakaribia nusu. Ndio maana bwawa la kijani kibichi linaua saa nane mchana: mwani umekula hewa ya ukaa yote, pH imepanda, amonia ileile ya asubuhi imegeuka sumu. Na ukikoroga tope likanuka yai viza, chini kumeoza, ukivuna likaushe bwawa mpaka lipasuke ardhi.

MMOJA MKUBWA, KUMI WADOGO

Umeweka kamba sawasawa, miezi minne mmoja ana mwili mara kumi ya mwenzake, unadhani umeuziwa mbegu mbovu. Pengine sio mbegu, ni utawala. Madume yana vyeo: kuna wadogo, kuna wa gando la chungwa wanaokua kwa kasi, na kuna mabwana wakubwa wa gando refu la bluu ambao wenyewe hawakui tena lakini wanawadumaza wengine kwa kuwepo tu. Dawa ni kuvuna kwa kuchagua: pitisha wavu, toa wa bluu, rudisha wengine, na baada ya wiki chache wa chungwa wanapanda cheo na wadogo wanaanza kukimbia. Anayesubiri wote walingane atasubiri sana na atalisha sana.

Kama wote wamedumaa bila mkubwa hata mmoja, rudi kwenye chakula, idadi na joto. Wanakula zaidi usiku, kwa hiyo chakula kikubwa kiwe cha jioni, cha kuzama, protini asilimia 30 hivi. Weka kidogo kwenye sinia la wavu, lizamishe, livute baada ya masaa mawili. Kimebaki? Umezidisha. Hakuna kitu hata chembe? Ongeza kidogo. Asiyekula siku mbili tatu huku maji ni mazuri huenda anajiandaa kuvua, mwache. Gunia lililoshika unyevu na kunuka ukungu tupa, usione huruma.

VIFARANGA WAPYA, NA MAYAI YASIYOLETA WATOTO

Vifaranga wakifa siku ya kwanza, kosa ni la kuwamwaga. Eleza mfuko juu ya maji, ongeza maji yako kikombe kwa kikombe, nusu saa au zaidi, hasa kama pH zinatofautiana. Wakipotea taratibu bila maiti, tafuta walaji: viluwiluwi vya kerengende vinawala sana wakiwa wadogo, vyura, kambare mmoja aliyepita kwenye bomba lisilo na chujio. Jaza bwawa siku chache tu kabla ya kupandikiza, sio mwezi mzima kerengende washazaa.

Jike la kamba likibeba mayai ya chungwa chini ya tumbo, yakageuka kijivu, kisha yakapotea na watoto huoni, hakuna kilichoharibika. Yalianguliwa, na wachanga wakafa ndani ya siku chache kwa sababu wanahitaji maji ya chumvi kidogo, gramu 12 hivi kwa lita, mpaka wabadilike. Bwawani kwako hutapata watoto, nunua tu. Kreifishi ndio anazaa palepale, watoto wanatoka wamekamilika miguu yote na wanang'ang'ania tumboni kwa mama. Yeye akiangusha mayai ujue umemshikashika au umembadilishia maji.

KREIFISHI WAMEPUNGUA, MAITI HAKUNA

Wametembea. Usiku wa mvua au hewa ikipungua wanatoka wanapanda ukingo kama watu waliopanga safari. Zungushia plastiki laini ya sentimita 40, ifukie chini, na angalia zaidi pale bomba na waya wa umeme vinapoingia, hapo ndio ngazi yao. Sio hasara yako tu, wakifika mtoni wanazaana na kula mimea na viumbe wa pale, na nchi nyingine kuwafuga kunahitaji kibali maalumu au wamekatazwa kabisa, kwa hiyo ulizia hilo kabla hata ya kuchimba bwawa. Mlango wa kutolea maji weka nyavu mbili, ya ndani ikiziba ukaivuta kusafisha, ya nje inabaki imewashika.